Majani Nyuma ya Mnyaa

Koboko, 16 Februari 2025

Mpwa wangu Candiru,

Asalaam. Huku tupo, roho ziko mahali pake, ila vumbi limetushinda. Mkazamjomba wako anakohoa kila asubuhi na kumlaumu kila mtu isipokuwa tumbaku yake. Mwanangu Faruk amepata kazi ya kuchomelea madirisha mjini, sasa anatembea na miwani nyeusi hata ndani ya nyumba. Ninyi watu wa Manibe mnasemaje? Kaka yako Jude bado anakausha koo akishangilia mpira uwanjani Onduparaka, au ameona aibu akaoa?

Simu ninayo, usinicheke. Lakini marehemu babu yako Sajini alisema neno la ukoo likitupwa hewani halina shahidi. Liandikwe, liwekwe sahihi. Basi naandika.

Ng'ombe amefika. Igga alimshusha kwenye lori lake tarehe 23 Januari, mzima, mkaidi, anatazama watu kama anadai salamu. Dada yangu alipokufa, baba yako alijua kwamba kwa desturi sisi wajomba tuna ng'ombe wetu wa msiba, na alipoweza ametutumia. Tena hakutumia mifupa. Nilipoona lile doa jeupe limezunguka jicho la kushoto, nilikaa chini, Candiru. Ni jicho lile lile lililokuwa na ukungu kwa dada yangu Poni, ambaye ninyi Wakristo mlimbatiza Margarita. Mwambie baba yako, mzee Anguyo, nimeliona, na nimeelewa.

Ukame umekula kila kitu, ng'ombe wangu wanalamba udongo. Huyu hapana. Huyu nampa majani mabichi ambayo ng'ombe wangu hawajayaona tangu wazaliwe. Mgeni aliyetoka kwa dada yangu hawezi kulala njaa kwangu.

Tarehe 23 Agosti tutakuja kumaliza matanga. Bila wajomba kaburi halifungwi, nalijua hilo kabla wewe hujazaliwa.

Mjomba wako,
Swadiki


Manibe, 5 Machi 2025

Mjomba,

Barua yako imesomwa mara mbili, mara ya pili kwa sauti kwa sababu baba alitaka kusikia tena pale uliposema ulikaa chini. Sisi tu wazima. Jude hajaoa. Timu ilifungwa Jumamosi akasusa chakula, ukamwone. Mimi kazi yangu ya mifugo ni ile ile, chanjo za kuku asubuhi na mbwa mchana, na kila mwenye mbuzi anayekohoa ananiita daktari mpaka nimuulize kwa nini hakumchanja.

Baba alizunguka minada mitatu kumtafuta ng'ombe yule. Madalali walidhani mzee amechanganyikiwa, anapita mafahali wazuri anachungulia macho tu. Mama mwenyewe hakuwahi kutuambia jicho lake lilipatwa na nini. Nilimuuliza nikiwa mdogo, nikamuuliza nikiwa mkubwa. Alisema ni mambo ya utoto, akanituma maji.

Saruji ya kaburi tumeshaileta. Kila Jumapili baba anapita Ombaci kanisani, akirudi anaipapasa ile mifuko. Ameniambia niandike hivi: anachongoja sasa ni ninyi tu.

Mpwa wako,
Candiru


Koboko, 30 Machi 2025

Kwa Candiru binti Anguyo,

Salamu kwenu nyote. Barua hii anaileta muuguzi anayekuja Arua, kwa maana lori la Igga halitembei. Minada imefungwa.

Ng'ombe wa dada yangu amekufa. Tarehe 17 jioni alikula vizuri. Tarehe 18 alfajiri nilimkuta amelala, tumbo limejaa, damu nyeusi inatoka puani wala haigandi. Miguu ilibaki laini, haikukakamaa. Hakuchinjwa, kwa hiyo kwetu ni nyamafu, hatukumgusa. Jirani yangu Jale, ambaye dini haimkatazi, aliomba ngozi na nyama, nikamwachia. Siku ya sita wangu wawili wakaanguka namna ile ile. Kisha fahali wa Jale, yule mwekundu ambaye watu wanne hawakuweza kumfunga kamba. Mpaka leo ni ng'ombe saba kijijini.

Ukoo umekaa. Naandika kama nilivyoagizwa. Watu wanasema kifo kimekuja na ng'ombe wa Manibe. Jale alisimama mbele yetu sote akasema, "Hii ng'ombe iko na kitu. Anguyo nachagua jicho ya marehemu, nafanya dawa, natuma hapa." Wengine wakaitikia. Imeamuliwa kwamba wajomba hawatakanyaga Manibe, wala watu wa Manibe hawatakunywa maji kwetu, mpaka baba yako ajibu.

Jale ana kidonda kwenye kifundo cha mkono, cheusi katikati kama kaa la moto lililozimika. Anasema hakimuumi hata kidogo, anacheka.

Swadiki


Manibe, 9 Aprili 2025

Mjomba,

Safari hii utanisamehe salamu fupi. Kabla ya kushika kalamu nilimpigia Faruk simu nikamwamuru amkimbize Jale kwa daktari, desturi ya Sajini ikangoja kidogo. Faruk ameniapia kwamba Jale yuko hospitali. Kidonda cheusi kisichouma ndicho kibaya kuliko vyote. Asingefika wiki ile, mngemzika. Waliokula ile nyama nao wapewe dawa, hata kama wanajiona wazima. Ng'ombe atakayeanguka asipasuliwe na mtu yeyote. Azikwe mzima, shimo lizidi kimo cha mtu, na chokaa juu.

Sasa sikia nililoliona. Damu ya fahali wa Jale ililetwa maabara hapa Arua, na kwa kuwa tunafahamiana waliniruhusu nitazame kwenye hadubini. Nilijiandaa kuona kitu cha kutisha. Niliona vijiti vidogo, vimeungana kichwa kwa mkia kama pingili za mwanzi, vimetulia, tena vizuri kwa macho. Niliinua kichwa nikatazama tena. Hivyo ndivyo vilivyomwangusha fahali mwekundu. Ugonjwa wenyewe unaitwa kimeta.

Ndani ya mnyama vinaishi wazi wazi. Lakini damu ikimwagika, hewa ikivigusa, kila kimoja kinajifunga ndani ya ganda lake na kulala udongoni. Hakili, hakinywi. Jua halikikaushi, mvua haikiozeshi. Mwalimu wetu kule Tanzania nilikosomea alituambia kinaweza kulala miaka hamsini, sitini, kikingoja ulimi wa ng'ombe. Nililiandika kwenye daftari ili nifaulu mtihani. Juzi ndipo niliposadiki, nakwambia kweli.

Na hili uwasomee ukoo. Ng'ombe akimeza kimeta leo, ndani ya siku chache amekufa. Wetu alikaa kwako siku hamsini na nne, anakula, anatazama watu. Hakutoka nacho Manibe. Alikimezea huko huko. Nataka kujua jambo moja: alikuwa akilishwa wapi?

Baba haendi tena kanisani. Anasema hawezi kupita njiani wakati watu wanasema amewatumia shemeji zake mauti kwa jicho la mkewe. Ile saruji ameifunika turubai. Mjomba, ana miaka sabini na sita. Sijui kama Agosti atafika akiwa hivi.

Candiru


Koboko, 4 Mei 2025

Mpwa wangu,

Tumepokea. Mvua imeanza, maharage yameota, mkazamjomba wako amepunguza tumbaku kwa siku mbili kisha akairudia. Faruk anakusalimu, anasema sauti yako kwenye simu ilikuwa ya afande.

Jale ametoka hospitali. Mkono umebaki na kovu kubwa kama kifuniko cha chupa. Daktari alimwambia aliyemwahisha ni wewe. Akajibu kwamba mchawi naye huwa anatibu. Huyo ndiye Jale, usimtilie maanani. Watu wa mifugo wa hapa Koboko wamechanja ng'ombe waliofikiwa, lakini chanjo haikutosha wote. Waliokufa sasa ni kumi na mmoja.

Niliusomea ukoo hesabu yako ya siku hamsini na nne. Wazee walitikisa kichwa, wakasema kusoma ni kuzuri.

Unauliza ng'ombe alilishwa wapi. Ng'ombe hula majani, Candiru. Kwenye majani ndiko alikolishwa. Kama Tanzania walikufundisha kitu kingine, niambie. Huyo Jude ameoa?

Swadiki


Manibe, 18 Mei 2025

Mjomba wangu,

Jude hajaoa, na wewe hujajibu.

Tangu nizaliwe hujawahi kushindwa kunijibu. Nilipouliza kwa nini babu alilala na viatu, ulinijibu. Nilipouliza kwa nini mama alimkubali baba na si yule fundi wa redio wa Yei, ulinijibu hadi mama akakurushia mwiko. Kwa hiyo nimekaa na barua yako ya Februari. Ninayo hapa. Umeandika kwamba ukame umekula kila kitu na ng'ombe wako wanalamba udongo. Halafu umeandika kwamba huyu unampa majani mabichi ambayo wao hawajayaona tangu wazaliwe.

Mahali gani Koboko, mwezi wa pili, kuna majani mabichi ambayo ng'ombe wa nyumbani hawajawahi kuyaona?

Nilikuja kwenu likizo nikiwa na miaka minane. Nyuma ya nyumba ya bibi, kule bondeni, kulikuwa na ua wa mnyaa umesongamana hata kuku hapenyi. Mpira wetu uliingia humo. Jude alitaka kuufuata, na mama, ambaye hakuwahi kutupiga, alimchapa kofi lililomkalisha. Mpira ulibaki humo. Majani tuliyaona juu ya ua, yamesimama marefu, hakuna mdomo ulioyagusa.

Mjomba, ule ua bado upo?

Sikuulizi ili nikuaibishe. Kama kuna kitu kimelala pale na mlango umefunguliwa, basi mvua hizi zinakisambaza, na kila asubuhi kuna mtu anapitisha mnyama. Mficha maradhi kilio humuumbua. Na huku kwangu kuna mzee amekaa na turubai lake.

Candiru


Manibe, 22 Juni 2025

Mjomba,

Wiki tano. Muuguzi amepita mara mbili, mkono mtupu.

Faruk ameniambia kwamba mbuzi wa mjane mmoja wamekufa watatu karibu na bonde. Alipotaja bonde akasema salio limeisha, akakata simu. Faruk hajui kusema uongo, umemlea vizuri.

Baba ameacha kuuliza kama kuna barua. Nilikuwa nachukia akiuliza, sasa natamani aulize.

Candiru


Koboko, 13 Julai 2025

Candiru, mtoto wa dada yangu,

Salamu nitazitoa mwisho, nikiwa bado na uso wa kuzitolea.

Ua haupo wote. Nilikata upande wa mashariki, hatua kumi na mbili, kwa panga langu, tarehe 10 Machi. Mpaka siku hiyo nilikuwa navuta majani kwa fimbo yenye ndoana kupitia juu na kumletea. Yalipokwisha ya pembeni, nikasema huyu ni ng'ombe wa Poni, kama kuna kinywa kimoja duniani chenye haki ya majani haya ni chake. Nikafungua. Alikula siku saba. Alikula mpaka chini, akang'oa na mizizi, akalamba udongo. Nilisimama pale namtazama, nafurahi kama bwana harusi. Wangu wawili walimfuata nyuma, na fahali wa Jale akaja kwa harufu.

Niliposoma barua yako ya Mei nilikuchukia siku tatu. Kisha nikaanza kukumbuka, na tangu hapo sijalala vizuri. Nitakueleza alichonieleza mama yangu, bibi yako, kwa maana nadhani Poni hakuwaambia.

Mwaka wa 1966 Sajini alikuwa kambini Jinja. Mafahali wake watano walianguka wiki moja, damu nyeusi, miguu laini. Ulikuwa mwaka wa njaa. Watu walikuja na visu na sufuria, Candiru, watu wenye watoto. Mama alisimama juu ya wale mafahali na panga la mume wake. Alisema ng'ombe asiyekakamaa hafunguliwi, yeyote atakayemfungua aanze na yeye. Walimtukana. Alichimba na wanawake wawili kwa siku tatu, akawazika wazima na ngozi zao. Hakujua kusoma jina lake, na hiyo hadubini yako hakuiona hata kwenye ndoto. Aliyajua wapi? Nimejiuliza mwezi mzima.

Halafu akaamuru mnyaa upandwe kuzunguka pote. Aliyepanda ni mama yako. Poni alikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na miwili, nimefungwa mgongoni kwake, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kulia na sikukubali mgongo mwingine. Alipokuwa akivunja tawi, utomvu uliruka. Unajua utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni hupofusha. Mama alikuwa ng'ambo, aliona kwa macho yake: yule mtoto hakushika jicho lake. Mikono yote miwili aliirudisha nyuma akanifunika uso. Alisimama hivyo mpaka mama alipofika. Kisha akamaliza mstari kwa jicho moja.

Ndiyo sababu jicho langu la kushoto linaona mpaka leo.

Mwaka wa 1979, serikali ilipopinduliwa, tulikimbilia Kongo, watu wa familia za jeshi, unayajua hayo. Mabomu yalipita juu ya kijiji. Tuliporudi hakukuwa na nyumba, hakukuwa na bati hata moja, kaburi la Sajini tulilitafuta siku mbili. Mnyaa ulikuwa umesimama, mrefu kuliko paa. Na chini yake hicho kitu chako chenye ganda kilikuwa kimelala. Serikali ngapi zimepita juu yake. Sisi tumekimbia, tumerudi, tumezeeka, tumezikana. Chenyewe kimelala tu, kinangoja, na kizuizi chake ni miti aliyopanda mtoto wa miaka tisa.

Asiyesikia la mkuu, iliyobaki unaijua. Nimekata ua wa dada yangu ili nimlishe ng'ombe wake. Na walipomsingizia mumewe nilikaa kimya kwenye kikao, natazama kofia yangu.

Ijumaa baada ya swala niliwaita wote, Waislamu na Wakristo, kule kule bondeni, mbele ya pengo. Nikasema kama nilivyokuandikia. Jale aliitazama mikono yake, akasema, "Swadiki, bahati yako mukono yangu iko mugonjwa." Watu wakacheka, na yeye akacheka, kisha akalia, mtu mzima. Aliondoka akarudi na jembe. Watu wa mifugo walikuja wakaelekeza, tumemwaga chokaa, tumefunga miba, na nyuma ya miba umepandwa mnyaa mpya hatua zote kumi na mbili. Nilipanda mimi. Chanjo iliyobaki imefika.

Ukoo umesema Anguyo hana neno la kujibu, wenye neno ni sisi. Wanataka kuja tarehe 23. Mimi naona aibu kuja. Karantini haijafunguliwa, siwezi kuleta hata mbuzi, na mjomba hawezi kuingia msibani mikono mitupu kwa mtu aliyemwacha atukanwe miezi minne. Msomee baba yako yote, usiruke mahali. Akisema nisije, sitakuja.

Salamu kwenu, kama bado mnazipokea.

Swadiki


Manibe, 27 Julai 2025

Mjomba wangu,

Salamu zimepokelewa, zote, pamoja na zile ulizoogopa kuzitoa.

Nilimsomea baba barua yako mchana, nje, penye mwanga. Sikuruka mahali. Nilipofika kwenye mikono aliyoirudisha nyuma, ikabidi nianze tena kutoka kwenye tawi. Miaka thelathini na saba nimeishi na jicho lile, nimelipaka dawa, nimelitania, nimemwambia mama tukaonane na daktari wa macho. Akanituma maji.

Baba aliniomba picha yake na mama, ile ya ubatizo wa Jude. Aliipangusa kwa kiganja, akaliangalia jicho lile muda mrefu sana, kama aliyekuwa akilipita minadani miaka yote na leo amelipata. Nilidhani amekasirika.

Kisha aliinuka mwenyewe, akaenda akaondoa turubai kwenye saruji, akalikunja vizuri. Akaniambia hivi, na mimi naandika neno kwa neno kama Sajini alivyotaka:

"Mwambie shemeji aje. Wote waje, na Jale pia, nataka kuuona huo mkono. Asilete ng'ombe. Alete matawi ya ule mnyaa, ya ule wa zamani, alioupanda mke wangu. Nitalizungushia kaburi lake."

Kwa hiyo tunawangoja tarehe 23. Jude amekubali kuvaa shati lisilo la timu. Maji ya kunywa yapo, na mtakunywa.

Matawi uyakate juu, mbali na ardhi, yasije na udongo hata chembe. Panga ulioshe kwa dawa nitakayompa muuguzi. Na unapokata, mjomba, funika macho.

Mpwa wako,
Candiru